Waya wa Mita Sita

Waya wa fedha wa mpiga besi uliibwa, na mwizi akaacha tu jeki za waya huo, zile ncha mbili za dhahabu za kuchomekea.

Wizi uligunduliwa Jumamosi saa nane na dakika kumi mchana, besi ilipokata sauti katikati ya mazoezi. Mpiga besi alivuka barabara, waya shingoni, hadi kwa fundi wa spika. Fundi akafungua jeki moja, akachungulia, akaguna.

"Humu mna shaba tupu, kijana."

"Haiwezekani! Siku naununua niliona nyuzi nyeupe kwa macho yangu. Fedha, ile ya pete!"

"Basi umeibiwa. Jeki ni zako, waya si wako. Na aliyelehemu hapa ana mkono wa mlevi, ndiyo maana umeachia."

"Mwizi ni mtu wa bendi. Nami sipandi jukwaa moja na mwizi, wala sipigi bila waya wangu. Besi itatoa sauti ya debe."

Hapo ndipo penye kazi. Kesho saa nne asubuhi meneja wa hoteli angekuja kuwasikiliza. Akiwapenda, mkataba wa mwaka mzima. Dada wa mpiga besi, ambaye ndiye mwimbaji na kiongozi, alikuwa ameusotea miaka miwili.

"Kaka yangu, nitafutie huyo mwizi kabla ya jioni," alimwambia Fundi. "Huyu mdogo wangu namjua. Akisusa, kasusa."

Fundi akaupima waya kwa futi. Mita tano.

"Wako ulikuwa mita ngapi?"

"Sita kamili."

Akaanza na mpiga ngoma, kwa kuwa ndiye mwenye chuma cha kulehemu.

"Nasikia ulisema utautupa waya huu chooni."

"Nilisema, na ningeutupa! Kutwa anatuhubiria fedha, fedha, utadhani sonara. Lakini niuibe wa nini? Ngoma nitaichomeka wapi?"

Akamwonyesha redio ya jirani aliyoitengeneza. Lehemu zake zilikuwa ndogo, safi, zinang'aa. Fundi akamfuta kwenye orodha.

Akamgeukia dada. "Siku hizi nani kabadilika?"

"Hakuna. Labda mume wangu. Zamani alipiga solo kajibanza kwenye spika. Wiki tatu hizi anacheza mpaka mbele, ananikanyaga vidole. Nikadhani mapenzi yamerudi."

Fundi akakunja futi yake.

Saa kumi na nusu aliwakusanya wote chumba cha mazoezi. Akaukunjua waya wa mpiga solo sakafuni, akaupima mbele yao. Mita sita kamili.

"Shemeji!" mpiga besi alipiga kelele. "Wewe?"

Mpiga solo akajikuna kisogo. "Kila mtu anasifu besi yako. Na mimi nilitaka gitaa langu liimbe. Nikaazima chuma, nikahamisha jeki. Ningekuomba, ungenipa?"

"Nisingekupa!"

"Si ndiyo hivyo? Na limeimba, bwana! Wiki tatu napigiwa makofi."

"Na wewe," Fundi akamuuliza mpiga besi, "wiki tatu hizi besi yako ilisikikaje?"

Mpiga besi akainama kukaza nyuzi za besi.

"Juzi tu alisema haijawahi kuwa tamu hivi," mpiga ngoma alidakia. Watu wakacheka hadi wakashika mbavu.

Fundi akafungua jeki ya waya ule wa mita sita, akatoa kisu, akakwangua uzi mweupe. Chini yake ukatokea wekundu. "Bati juu, shaba ndani. Fedha haikuwahi kuwamo."

Akalehemu nyaya zote mbili upya. Kisha akamgeuza mpiga besi atazame ukuta, akampigia besi mara sita, akibadilisha waya. Mpiga besi akabahatisha kila mara ni waya upi, akapatia mara tatu.

"Hata kwa kurusha shilingi ungepata hizo," Fundi alisema. "Waya ukiwa mrefu mno hufifisha sauti nyembamba za gitaa. Mita moja hii huisikii. Ila lehemu mbovu inaua sauti yote."

Mpiga besi akacheka mwenyewe, kwa kuchelewa. "Kumbe nina wezi wawili. Mmoja dukani, mmoja kwa dada yangu." Akachukua waya wowote, akachomeka.

Kesho yake saa tano na robo dada alitia saini mkataba.

Waya ule ulimgharimu mpiga besi baiskeli yake, aliyoiuza ili aununue. Tangu aiuze ni miezi saba ya kwenda mazoezini kwa miguu: kilomita nne kwenda, nne kurudi, siku tano kwa wiki.