Bangili Kabla ya Kidole cha Mwisho

Mvua ya Dhaka haipigi hodi. Ilimwagika juu ya soko la Nilkhet watu wakiwa wamesongamana kwenye vichochoro vya vitabu, na kijana mmoja mrefu akakimbilia kibanda cha kuchapa, akaukanyaga ushungi wa Tuhina, mchapaji wa hapo.

"Kaka, umesimama juu ya nguo yangu."

"Samahani, dada. Humu hamna pengine pa kusimama."

"Nje papo."

Akacheka, shati limemganda mgongoni. Aliitwa Sohrab, alisomea kompyuta. Tuhina, ndani ya salwari ya rangi ya haradali, aliendelea kuhesabu kurasa za mteja kama bibi yake alivyomfunza: gumba linagusa mistari mitatu ya kidole na ncha yake, kisha kidole kinachofuata, mpaka vinne viishe.

"Unajua unahesabu kama kompyuta?"

"Unanitania."

"Wallahi! Ndani yake mna taa tu, imewaka au imezima. Moja au sifuri. Nani atausoma msururu huo? Tunazifunga nne nne, na kila fungu lina sura kumi na sita. Mkono wako huo huo, nne mara nne."

"Na herufi je?"

"Kila herufi ni namba. A ya Kiingereza ni sitini na tano: mikono minne na mstari mmoja juu."

Tuhina aliutazama mkono wake kama wa kuazima. Mvua ilikatika, Sohrab hakuondoka.

Zikaja simu.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Na usiniite hivyo, bibi anasikia."

"Unanipenda kiasi gani?"

"Mkono."

"Mzima?"

"Anna kumi na sita." Ndivyo wazee wanavyosema bado kwa kitu kisichopungua, tangu rupia ilipokuwa na anna zake kumi na sita.

Posa ikapelekwa, bibi akaridhia. Lakini mama yake Sohrab, Bi Monowara, alimwandikia Tuhina: "Binti, nataka neno lako mwenyewe." Tuhina alikaa kwenye kompyuta ya kibandani, akaandika kwa Kibangla *Niko radhi, mama*, akatuma.

Kesho yake Sohrab akapiga.

"Kama hunitaki ungeniambia mimi. Kumdhihaki mama yangu ndiyo nini?"

"Nimemdhihaki vipi? Sohrab? Sohrab!"

Simu ilishakatwa.

Mwingine angelia. Tuhina alivaa sari ya kijani, akaenda kwa miguu hadi Azimpur, nyumbani kwa akina Sohrab. Bi Monowara akafungua mlango, uso umefungwa.

"Umekuja kumalizia?"

"Mama, naomba nione nilichokuandikia."

Simu ikaletwa. Ilisomeka: *Avwg ivwR, gv.*

"Kuku akipita kwenye unga huandika vizuri zaidi," alisema Bi Monowara.

Tuhina akajishika mdomo. Kibandani bado walichapa kwa maandishi ya zamani, yale yanayochukua namba za herufi za Kiingereza na kuzivalisha sura za Kibangla. Simu haikuwa na nguo hizo. Ilipewa namba tu: mikono minne na mstari mmoja, ikachora A.

Sohrab akatokea chumbani na lungi yake kiunoni, akachungulia, akajipiga kofi la paji la uso.

"Mama! Hii ni chapa ya vibandani! Mbona hukunionyesha?"

"Ulitaka kuona? Ulikimbilia kununa!"

"Na ndiye mtaalamu," alisema Tuhina taratibu.

"Nisamehe, kipenzi. Nipige hata kwa kiatu."

"Kiatu changu kipya, sikiharibu."

Bi Monowara alijaribu kuubana uso, ukamshinda, akacheka mpaka miwani ikateleza. "Mashine zenu nimezichoka. Binti, sema kwa mdomo."

"Niko radhi, mama."

"Kiasi gani?"

Tuhina akainua mkono. Gumba likaanza safari yake, mstari baada ya mstari, kidole baada ya kidole, polepole. Halijafika kidole cha mwisho, bangili ya Bi Monowara, ya kumpokea mkwe, ikawa imeshapita kiganjani mwake.

"Mama," Sohrab akalalama, "si ungemwacha amalize!"