Careen Mara Mbili

Msimu wa mavuno, Ifakara hakuna mahali penye kelele kama kwenye mashine za kukoboa mpunga. Injini zinanguruma, wabeba magunia wanapiga mayowe, "Pisha mzigo! Pisha!", na pumba zinaruka mpaka zinaingia kwenye chai ya watu. Katikati ya vurugu hiyo, msichana mmoja alikuwa ameketi juu ya gunia, kitenge cha rangi ya chungwa kiunoni juu ya suruali ya jinzi, kompyuta mapajani, anaandika kwa utulivu kana kwamba yuko ofisini.

Kelestini, mwalimu wa biashara katika sekondari moja ya hapo mjini, alikuwa amekuja kukoboa gunia lake moja. Alichungulia begani kwa yule msichana, na kwa kuwa walimu wakiona kosa midomo inawawasha, akasema:

"Dada, fomula yako hujafunga mabano."

Msichana hakugeuka. Alifunga mabano, akabonyeza, jibu likatokea. Ndipo akamtazama kuanzia viatu hadi kifuani.

"Asante. Na wewe, kaka, hujafunga kifungo."

Kelestini akatazama chini. Kweli, shati lake jeupe lililopigwa pasi lilikuwa wazi tumboni. Wabeba magunia wakaangua kicheko. Alifunga kifungo, akauliza ili aseme chochote:

"Hizo ni hesabu za mpunga?"

"Za hisa."

"Hisa? Hapa kwenye pumba?"

"Kwani hisa zinaogopa pumba?"

Huyo ndiye Careen, dalali wa mpunga, mtoto wa dalali wa mpunga. Alikuwa pia katibu wa kikundi cha watu wa mtaa wa Lipangalala, walimu, wauguzi na wafanyabiashara, waliochanga na kununua hisa kule Dar es Salaam. Kila wiki alipakua orodha ya mauzo ya soko na kujumlisha kwa fomula ni hisa ngapi za kila kampuni zilizobadili mikono. "Hisa isiyo na wanunuzi," alimweleza Kelestini siku hiyo hiyo, "ni sawa na mpunga uliolowa. Ukipatwa na shida, utamuuzia nani?"

Wiki iliyofuata Kelestini alijiunga na kikundi. Tusidanganyane, hakujiunga kwa sababu ya hisa.

Mapenzi yao yalikua haraka, kama magugu ya bondeni baada ya mvua. Jumapili walikwenda Kivukoni kula samaki wa kukaanga karibu na daraja, Careen akimtolea mwenzake miiba. Siku za kazi ilikuwa simu.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula, lakini sijashiba sauti yako."

"Mwongo! Nasikia unatafuna hapo ulipo."

Kikundi kizima kilimwita Kelestini mtaalamu, maana alifundisha biashara na aliongea vizuri. Naye alilipenda sana jina hilo. Hilo ndilo lililomponza.

Ulipokaribia mkutano mkuu, Careen alipewa kazi ya kuonyesha ni kampuni ipi hisa zake zinauzwa hadi kufikia kiwango walichojiwekea, ili kikundi kiweke akiba yake huko. Alihangaika nayo majuma mengi. Jumamosi jioni, siku moja kabla ya mkutano, alimtumia Kelestini faili, kisha akapiga simu. Kelestini alikuwa kibandani anatazama mpira.

"Kele, umeifungua?"

"Nimeifungua, mama."

"Angalia pale kwenye jumla. Majibu yamekuwa makubwa mno, nina wasiwasi."

"Iko safi, mpenzi. Wewe jiandae tu upendeze."

Kibanda kizima kikalipuka kwa bao.

"Kuna nini huko?"

"Majirani, mama. Achana nao."

Ukweli ni kwamba alikuwa ameifungua faili, akaona maandishi madogo kwenye simu, akaifunga.

Na kosa lilikuwepo. Orodha ile iliandika kila biashara mara mbili, mstari wa mnunuzi na mstari wa muuzaji. Dalali wa mpunga hupokea chake kwa mwenye mpunga, akapokea tena kwa mnunuzi, kwa hiyo tangu utotoni Careen alimwona mama yake akihesabu gunia lile lile pande zote mbili. Aliandika SUMIF, fomula inayojumlisha mistari yote yenye jina la kampuni, na kama dalali akajumlisha pande zote. Lakini hisa mia zikitoka kwa huyu kwenda kwa yule, zilizouzwa ni mia. Yeye alipata mia mbili.

Jumapili baada ya misa ukumbi ulijaa. Careen alivaa gauni la kijani lenye mikono mipana, nywele amesuka upya, na picha ya kazi yake ikiwa imemulikwa ukutani. Aliongea vizuri, akapigiwa makofi. Kisha mgeni kutoka Dar es Salaam, dalali wa hisa aitwaye Bwanaheri, akainua mkono kwa upole.

"Samahani, dada yangu. Hapo umehesabu mnunuzi na muuzaji wote. Kampuni hii haifikii kiwango mnachotaka."

Kisha mtu wa nyuma akasema, "Dalali huyo! Gunia moja kwake mawili!" Vicheko vikaenea. Careen alishika meza. Akayazuia machozi. Alimtazama Kelestini tu.

Mwenyekiti, mzee Polycarp, bwana shamba mstaafu, naye akageukia huko huko.

"Mwalimu, wewe ndiye mtaalamu wetu. Kazi hii uliipitia?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Kelestini aliona macho yote yakimgeukia, akaona kile kicheko kikija upande wake.

"Hapana, mwenyekiti," akasema. Na kama vile hilo halikutosha, akaongeza, "Ningeipitia, kosa kama hilo lisingenipita."

Careen alifunga kompyuta, akatoka. Kelestini alibaki amekaa, na aibu ikamshika palepale, aibu ya mtu aliyejisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Jumatatu mji mzima ulikuwa umempa Careen jina jipya. "Careen Mara Mbili!" walimwita kwenye mashine. Wengine walitania tu. Wengine walianza kuhesabu upya magunia yao mbele yake, na dalali akihesabiwa upya amekwisha. Hakupokea simu ya Kelestini hata moja. Alirekebisha ile fomula, akaweka sharti la pili lichukue upande wa mnunuzi pekee, akamkabidhi mwenyekiti bila maneno, akaenda Mlimba kutafuta mpunga kwa watu wasiomjua.

Kelestini alipanda treni akamfuata. Alimkuta ghalani, kichwani kilemba, nguo nyeupe kwa vumbi.

"Careen, nimekuja kukuomba radhi."

"Shikilia mdomo wa gunia hili nishone."

Akashikilia. Careen akashona hadi mwisho, akakata uzi.

"Nilikosa, mama. Sipati usingizi. Wanafunzi nikiwatazama naona wanajua."

"Mlimba nani anakujua, Kele?"

"Hakuna."

"Ndiyo maana umekuja huku. Ulinikana mbele ya watu, unaniomba radhi nyuma ya magunia."

Kelestini alisema jambo pekee alilokuwa nalo.

"Nataka kukuoa. Nitamtuma mshenga kwenu."

"Mtume," alisema Careen, akainama kuchukua gunia lingine. Hakucheka wala hakukasirika, na Kelestini alirudi Ifakara bila kujua amekubaliwa au amefukuzwa.

Siku ya posa, sebule ya kina Careen ilijaa wajomba, mashangazi na majirani, mzee Polycarp akiwemo. Mshenga alikuwa Anselim, mwalimu mwenzake Kelestini, mtu wa maneno matamu. Njiani alikuwa amemwonya: "Leo wewe ni jiwe. Mposaji hasemi, nasema mimi." Kelestini akakaa kwenye mkeka, amevaa suti ya kuazima, kichwa chini.

Anselim alisifu nyumba, akasifu ukoo, akatoa barua. Ndipo mjomba Marcelino, ambaye neno lake ndilo lilikuwa la mwisho, akaagiza binti aitwe. Careen akaingia na lile gauni la kijani, akapiga magoti.

"Mwanangu, wageni hawa unawafahamu?"

Binti akijibu anawafahamu, vigelegele vinapigwa na mambo yanakwenda. Mashangazi walikuwa tayari na vinywa vyao.

"Mwalimu Anselim namfahamu, mjomba."

"Na huyu wa pembeni?"

Careen akanyamaza. Akatazama mkeka.

Anselim akakohoa. Hakuna aliyemuuliza Kelestini chochote, na safari hii angeweza kukaa kimya kwa baraka zote za mila. Akasimama.

"Kaa chini!" Anselim akamvuta koti.

"Mzee Polycarp," alisema, sauti ikimkatika, "uliniuliza kama nilipitia ile kazi. Careen alinitumia. Akaniambia ana wasiwasi na jumla. Nikamwambia iko safi, ili niendelee kutazama mpira. Kisha nikamkana mbele yenu, kwa kuogopa kuchekwa. Anayestahili kuitwa Mara Mbili ni mimi."

"Mungu wangu, mpira!" akasema shangazi mmoja.

Mzee Polycarp alivua miwani, akamtazama mtaalamu wake. Kelestini alitamani sakafu ipasuke. Haikupasuka.

"Kwetu sisi," mjomba Marcelino alisema polepole, "mposaji akifungua mdomo analipa faini."

"Nitalipa, mjomba."

"Bado mimi si mjomba wako." Akamgeukia Careen. "Nauliza tena. Huyu mtu unamfahamu?"

Careen akainua uso. Machozi yalikuwa yamemjaa, yale aliyoyazuia ukumbini.

"Namfahamu, mjomba. Ni mwoga."

Vigelegele vikafia midomoni. Mjomba akaichukua ile barua, akamnyooshea Anselim. "Basi wachukue barua yao, waende zao."

"Mjomba," Careen akasema, "nimesema ni mwoga. Sijasema aende."