Maumivu Si Yangu

Cherehani ya jirani ilikuwa inashona peke yake. Mafundi wengine wa karakana walikuwa wametoka kunywa chai, na fundi aliyebaki aliitazama sindano ikipanda na kushuka bila uzi, kisha ikatulia. Hakushtuka. Ilikuwa siku ya kwanza ya hedhi, na siku hiyo hakuwa na nguvu za kushtuka.

Maumivu yakaja: kitovuni, kiunoni, hadi magotini. Lakini safari hii yalikuja na harufu ya nywele zilizoungua, na uzito wa mtu aliyemkumbatia kwa mikono ya baridi, akimnong'oneza sikioni kwa sauti ya mama yake kwamba avumilie, kila mwanamke hupitia haya, avumilie, mpaka fundi akaangukia sare alizokuwa akishona, na wenzake waliporudi wakamkuta anayarudia maneno hayo kwa sauti nzito ya kiume.

Mama yake alimpeleka kwa mganga, mwanamke asiye na haraka. Mganga akamfunika fundi shuka, akasoma dua kwa sauti ya chini. Vikombe vikaanza kugongana kabatini.

"Toka," mganga alisema.

"Natoka," jini akajibu kwa kinywa cha fundi. "Ila maumivu si yangu. Niliyakuta. Nilimkuta analia na hakuna anayemsikiliza, nikahamia."

Mlango ukafunguka, ukajifunga. Vikombe vikanyamaza. Fundi alikuwa bado amejikunja chini ya shuka, jasho likimtoka.

"Wangu ameondoka," mganga akamwambia mama. "Kilichobaki ni cha daktari. Mpeleke sasa hivi."

Daktari aliuliza maumivu yalianza lini. Fundi akasema tangu akiwa darasa la saba, miaka kumi na minne sasa, hutapika, huzimia. Alisema bila chozi, kama anayemsomea mteja vipimo vya suruali. Daktari alieleza kwamba maumivu ya kumwangusha mtu si ya kawaida; huenda nyama inayofanana na ya ndani ya mji wa mimba inaota nje yake. Atapimwa, na dawa zipo. Zilikuja kumtuliza baadaye, polepole.

Siku hiyo fundi aliitikia kwa kichwa tu. Ni mama, aliyekuwa amesimama ukutani, aliyeketi ghafla.

"Na mimi," alisema. "Miaka thelathini."

Daktari akachukua karatasi nyingine.