Nani Anampoza Mume Wangu?

"Nani anampikia huyu?"

Daktari Ou, tabibu wa mitishamba, alikuwa bado ameshika mshipa wa mkono wa mume wangu, Zhaoheng, na foleni nzima ya wagonjwa ililisikia swali lile. Mama mkwe akaninyooshea kidole kabla sijafungua mdomo.

"Huyu hapa."

Basi daktari akanigeukia mimi. Ulimi mweupe, mikono ya baridi, tumbo linaharisha wiki ya pili sasa. Mwili umepozwa kupita kiasi. Akanisomea kama mtoto wa shule: choroko, tango chungu, boga, vyote hivyo vinaondoa joto mwilini, havipewi mtu kila siku kama wali, tena majira haya ya kipupwe.

Nikamwambia sijampikia hata kimoja. Tangu baridi ianze, sufuria yangu ni vya kupasha mwili tu: kuku, tangawizi na tende nyekundu.

Mama mkwe akasema naongopa. Akatoa simu, akampigia mama yangu kule Kaiping, palepale, mbele za watu.

"Mama Runyin, ulilea mtoto gani asiyejua chakula cha kupasha mwili na cha kuupoza? Anataka kuniulia mwanangu?"

Nikamsikia mama yangu akiomba radhi kwa kosa asilolijua. Damu ilinichemka. Mimi nitukane utakavyo, nimezoea, lakini mama yangu alikukosea nini? Nikamtazama Zhaoheng anitetee. Mwanamume yule aliinamisha kichwa, akawa anatazama viatu vyake.

"Mama," nikasema, "mimi, wewe na yeye tunakula sufuria moja. Mbona tumbo lako halijavurugika?"

Akamgeukia mwanawe.

Hapo simu ya Zhaoheng ikatoa mlio kwenye benchi. Aliirukia, lakini mimi niliwahi. Ujumbe ulikuwa umejaa kwenye kioo:

"Mpenzi, supu ya choroko na tango chungu nimeiacha kwa mlinzi wa ofisini kwako. Inywe yote, vidonda vya mdomo visikurudie. Kesho nakupikia bata kwa boga. Qiaoling."

Nikampigia mwenyewe, nikaweka spika ili wote wasikie.

"Umeipata, mpenzi?"

"Mimi ni mke wake."

Sauti ikaja, nayo ina hasira kama yangu.

"Mke? Aliniambia anaishi na mama yake tu. Kasema mama hajui kupika, ni vya kukaanga vya kutia joto asubuhi mpaka jioni, ndiyo maana mdomo unamtoka vidonda. Nikamhurumia, nikawa nampoza."

"Mimi sijui kupika?" mama mkwe akauliza polepole.

Nikaona wazi kwamba tusi la jikoni kwake limemuuma kuliko ndoa yangu. Hilo nalo lilinikera.

"Dada, nisamehe," Qiaoling akasema. "Asikanyage tena kwangu." Akakata.

Zhaoheng akapata ulimi, tena kwa ujinga.

"Runyin, ni supu tu."

Supu tu! Huku kwetu mwanamke hasimami jikoni nusu siku akichemshia supu mwanamume ambaye si wake. Yeye analijua hilo, na foleni nzima ililijua. Hata daktari aligeuka pembeni.

Mama mkwe akamwambia mwanawe maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kisha akanishika mkono, akaniita mwanangu kwa mara ya kwanza, akasema twende nyumbani anipikie kitu kizuri. Nikautoa mkono wangu.

"Mpigie mama yangu kwanza. Kwa sauti ileile."

"Nitampigia nyumbani."

"Ulimtukania hapa."

Akatazama watu, nao wakamtazama. Akabonyeza namba.

"Mama Runyin, binti yako hana kosa. Anayajua ya jikoni kuliko mimi. Mchafu ni mwanangu. Nimekukosea, nisamehe."

Mama yangu aliuliza tu niko wapi, nikapewa simu.

"Nipo, mama."

"Wamekula nini kwako hao, hata wakufanyie hivi?"

"Chakula kizuri, mama. Kila siku."

Akashusha pumzi.

"Basi wasile tena. Panda basi uje."

Nikamrudishia mama mkwe simu yake, nikatoka.