Mwanamke wa Kikao cha Asubuhi

"Haya, vidole juu! Mmeamkaje?"

Hivyo ndivyo Bosi Dada alivyokuwa akifungua kikao cha timu yake ya watengeneza programu. Vidole vitano, una raha. Kimoja, dunia imekuchosha.

Kimya, fundi wa programu, akanyoosha vitano kama kawaida. Alikuwa mchumba wa Dada, ila ofisini waliuficha uchumba wao kama dhambi.

"Kimya, kazi imeisha?"

"Bado kidogo. Kuna kosa nimeliona kwenye..."

"Bado tena? Kila siku bado! Anayefuata!"

Wenzake wakainamisha macho.

Mchana meseji ya Kimya ikaingia kwa Dada: "Harusi tuiahirishe. Nisamehe."

Moyo ulimlipuka paa! Akamfuata mbio kwenye ngazi.

"Una mwanamke mwingine?"

"Mwanamke mwingine ndiye ninayekutana naye kila asubuhi kwenye kikao."

"Mpenzi, nakubana ili wasiseme nakupendelea!"

"Basi umefaulu. Wanasema unanichukia. Nikitoka pale akili inagoma, siandiki kitu cha maana mpaka mchana. Jioni unanipigia, unaniita mpenzi, na sauti ni ile ile."

"Mbona unanyoosha vitano? Mficha uchi hazai, ungesema!"

"Ningenyoosha kimoja ungeniuliza kulikoni, halafu ungenikatiza nikijibu."

Jamani, kuna ukweli unauma kuliko kofi. Huo ulimpata Dada, na alistahili.

Kesho yake hakuuliza vidole. Alisimama mbele yao.

"Kimya ni mchumba wangu. Nimekuwa nikimwonea mbele yenu ili mnione mwenye haki. Nimekosa. Kuanzia leo vikao ataongoza Mama Majaribio, mimi nitasikiliza."

Mama Majaribio, mkaguzi wa programu zao, akaguna.

"Kumbe sisi tuliokuwa hatufokewi ndio hatupendwi!"

Wakacheka. Kimya akalieleza lile kosa mpaka mwisho, na ndilo lililokuwa likiwachelewesha wote. Dada hakumkatiza, ingawa ulimi ulimwasha.

Watu walipotoka, wakabaki wawili.

"Na harusi?" Dada aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Tarehe ibaki ile ile. Ila ukinifokea tena sinyamazi, nakwambia hapo hapo."

"Niambie."

"Na yaliyopita pia bado yananiuma. Ni mengi."

Dada akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Sema yote, mpenzi."