Ua Jekundu Kwenye Kivinjari

Risasi ya pili ilipasua birika la chai.

Sindano, askari aliyepewa kazi ya kumlinda rubani, hakulitazama. Alimsukuma rubani nyuma ya friji, akajibu kwa bastola yake ya Glock kupitia dirishani, kisha akaupiga teke mlango wa uani.

"Shangazi, tangulia!"

"Ngoja nichukue kompyuta yangu."

"Iache!"

Hakuiacha.

Toyota ya kijivu, isiyo na lolote la kukumbukwa, ilitoka uani na tundu jipya kwenye buti. Kesho asubuhi rubani angetoa ushahidi mahakamani na kuwataja waliomkodi asafirishe makombora ndani ya makasha ya dawa. Shahidi mwingine hakuwapo. Na maficho yale yalijulikana tu kwa Sindano, kwa Mkuu wake, na kwa hao wawili waliojificha.

"Nani kasema tulipo?" Sindano aliuliza.

"Mimi sijaongea na mtu," alisema shangazi yake rubani, aliyekataa katakata kumwacha mtoto wa kaka yake ajifiche peke yake. "Niliagiza miwani tu."

"Wapi?"

"Mtandaoni. Nikaandika jina langu na anwani. Ulitaka miwani inifikie kwa njozi?"

Sindano alisimamisha gari nyuma ya karakana, akaifungua kompyuta na kuiunganisha na simu yake. Kivinjari, programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kilikuwa kile kinachotumiwa na karibu kila mtu. Kilikuwa salama kwa kadiri ya chochote kinachopendwa na wengi: wezi nao walikuwa wamekipenda. Pembeni mwa kioo cha kompyuta palichanua ua dogo jekundu.

"Hiki nini?"

"Kiongezi, kijiprogramu cha kubandika kwenye kivinjari. Kinaleta mafumbo ya maneno. Kila siku fumbo jipya. Mamilioni ya watu wanacho, mwanangu. Wote hao wajinga?"

Sindano alilibonyeza ua. Alisoma maelezo. Mwezi uliopita kiongezi kilikuwa kimebadili mmiliki, kisha kikaomba ruhusa mpya: kusoma kila ukurasa, na kila herufi inayoandikwa humo.

"Ulibonyeza nini?"

"Kubali. Kwani kuna kitufe kingine?"

Wauza silaha hawakuvunja mlango wowote. Walinunua funguo ambazo wenye nyumba walikuwa wamekwisha kuzigawa kwa hiari.

Sindano alimwita Mkuu redioni, akaomba askari kwenye ghala tupu la reli. Kisha akamgeuzia shangazi kompyuta.

"Agiza miwani tena. Anwani ni ghala la reli."

"Mingine ya nini? Nina macho mawili tu."

"Andika, mama."

Akaandika.

Jua lilikuwa halijashuka redio ilipokoroma.

"Tumewanasa," alisema Mkuu. "Watatu, na bunduki zao. Wameingia ghalani kama wageni waalikwa. Uliwaitaje?"

Sindano alieleza kwa maneno machache.

"Hicho kiongezi," Mkuu aliuliza, "kina ua?"

"Jekundu."

"Pembeni?"

"Pembeni, Mkuu."

"Mke wangu ndiye aliyenipendekezea."

Rubani, kwenye kiti cha nyuma, aliacha kutafuna kucha.

"Anwani ya maficho mapya uliyotupangia umeiandika wapi, Mkuu?"

"Kwenye kivinjari hicho hicho," alisema Mkuu.

Watatu walikuwa wamekamatwa. Waliowatuma walikuwa bado wanasoma kila alichoandika Mkuu.

Sindano aliizima redio, akaizima kompyuta, akavifungia vyote ndani ya buti pamoja na simu yake. Akafunga vifungo vya koti, akamshika shangazi mkono. Waliliacha gari, wakashika njia kwa miguu, mwendo wa watu wanaotoka kazini.

"Tunakwenda wapi?" rubani aliuliza.

"Bado sijui," alisema Sindano. "Mahali pasipojulikana na mtu ndiyo maficho pekee yaliyobaki."