Matone Manane kwa Galoni Moja

Clothilde huhudumia wazee katika mji wa Sugar Land, ughaibuni. Anaishi na binti yake Zoé, mwenye miaka minne.

Wiki hiyo kimbunga kilipita na umeme ukakatika. Siku ya pili tangazo likaingia kwenye simu: maji ya bomba si salama, yachemshwe kwanza.

Jiko la Clothilde ni la umeme. Madukani maji ya chupa yalikuwa yamekwisha. Akakumbuka kipindupindu katika kambi ya wakimbizi alikowahi kuishi, kilivyomchukua dada yake kwa siku moja.

Alikuwa na javeli ya kufulia, ile dawa ya kung'arisha nguo ambayo wengine huiita jiki, ameitia kwenye chupa ya juisi. Alijaza ndoo maji, akamwaga javeli kikombe kizima. Macho yakamwasha. Akaenda kufungua dirisha.

Alipogeuka, Zoé alikuwa amefungua ile chupa.

"Zoé! Hapana!"

Alimpokonya. "Umekunywa? Sema!"

Zoé alilia tu.

Jirani yao Moraa, muuguzi kutoka Kisii, alisikia kelele akaja mbio. Alimkagua mtoto mdomo, mikono na nguo, hakukuta hata tone.

"Hajainywa. Angeinywa, tungepigia simu kituo cha sumu sasa hivi, bila kumtapisha. Mama Zoé, jiki haikai kwenye chupa ya juisi!"

"Lakini javeli si inaua vijidudu, dada?"

"Inaua. Ikizidi, inaumiza na watu. Tena hii yako ina manukato, ni ya nguo tu. Mwaga hayo maji."

Moraa akaleta yake, isiyo na manukato, ndani ya dumu lake la dukani. "Soma hapa, nguvu ya dawa."

"Asilimia sita."

"Basi matone manane kwa galoni moja, karibu lita nne. Maji yakiwa na tope, chuja kwa kitambaa safi, weka kumi na sita. Koroga, subiri nusu saa."

Clothilde alimwaga yale maji, akasuuza ndoo, akachota galoni moja mpya na kudondosha jiki akihesabu kwa sauti.

Nusu saa ikapita. Moraa akanusa. "Yananukia jiki kidogo. Ndivyo inavyotakiwa. Yasingenukia, tungerudia matone na kungoja robo saa."

Clothilde alikunywa kwanza. Kisha akampa mtoto.

"Dumu liweke juu, penye giza na ubaridi, kabati lifungwe," Moraa alisema. "Usiichanganye na dawa nyingine ya usafi, hutoa hewa yenye sumu. Ikipita mwaka, nunua mpya."

Umeme ulirudi siku ya sita. Zoé hakuumwa tumbo hata mara moja.

Jumapili, kanisani, Clothilde alisimama mbele ya kina mama akawasimulia yote, bila kuficha kosa lake. Ibada ilipokwisha, wawili kati yao hawakungoja chai. Walikimbia nyumbani kuangalia makabati yao.